Usiondoke Kabla ya wa Mwisho

Mbio nyingi za baskeli za barabarani, mwenzangu, ni raha ya kufumba na kufumbua: ukipepesa kope tu, washapita. Za milimani ni mambo mengine kabisa. Zile zilizoingia Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996 huzunguka njia moja ya mawe na miti mara kadhaa. Ukikaa penye kona mbaya unamwona mtu yule yule akirudi tena na tena, kila mara vumbi limezidi na sura imebadilika.

Sisi Chukwani milima hatuna. Tuna mawe ya matumbawe yenye meno, vichaka na vijia vya kwendea pwani. Vinatosha! Vijana wa mtaani wakishindana huko, mimi husimama penye jiwe baya kuliko yote. Pale utajua nani anashuka akabeba baskeli begani, na nani anajitia shujaa akalamba mchanga.

Ila jamani, tuna tabia moja mbovu. Mshindi akishafika, watu haooo, wanakimbilia urojo! Mdogo wangu huwa wa mwisho mwisho. Mwaka jana alipita cheni imemtoka mara mbili, goti linavuja damu, anatupa macho huku na huku. Njia nyeupe! Nilipomwita jina, aliinuka kwenye siti akakanyaga.

Kwenye mashindano makubwa, anayeachwa mno hutolewa njiani. Kwetu hakuna wa kumtoa. Kinachomtoa mtu ni kuona hana wa kumtazama. Basi ngoja, shabiki. Urojo haukimbii.