SEHEMU YA 6: Kijana anashinda ndani, anasema ana kampuni ya gemu



Juzi mama mmoja alinisubiri kliniki iishe. "Nesi, mwanangu kamaliza fomu foo, hatoki ndani. Anasema kafungua kampuni ya magemu. Ile kompyuta niliuza mpunga kuinunua. Niiuze tupate mbolea?" Alikuwa hatanii, na mbolea si mchezo jamani.

Nikamsimulia habari za Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta akaitaka. Mama yake alishona nguo akidunduliza miaka 3 mpaka ikafika dola 300. Fikiria, kambini! Umeme hakuna, mtoto akawa anatembea kama saa 3 kwenda kuichaji. Akajifundisha, akatengeneza gemu inaitwa Salaam: unakimbia vita huku unatafuta maji na chakula. Leo yuko Marekani, ana kampuni yake, Junub Games, na mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo kubwa za gemu duniani.

Sikumwambia wa kwake atafika huko. Wengi hawafiki, na kazi hii inaweza kula miezi bila shilingi kuingia. Nilimwambia aangalie: anacheza au anatengeneza? Anayetengeneza ana kitu cha kukuonyesha, hata kibovu. Kuweka gemu kwenye duka la Google ni dola 25, unalipa mara moja tu. Akikuomba hela kila wiki eti ya usajili, muulize vizuri.

Halafu kuna mwili. Alale usiku, ainuke kila baada ya muda anyooshe mgongo, na asikae na mdogo wake mapajani mbele ya kioo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya mwaka 1 asiangalie kabisa, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Najua kipindi cha shamba simu ndiyo yaya, lakini jitahidini.

Tumekubaliana kompyuta isiuzwe mpaka mavuno. Asubuhi kijana anaenda shamba, jioni anatengeneza gemu moja ndogo ya kuhesabu, wadogo zake waijaribu. Mama kaniuliza kama kuna mwingine hapa bondeni anayefanya kazi hii nyumbani. Kama ni mwanao, niandikie inboksi, nitawakutanisha.