Bodi Saba, Siyo Sita

 Wengi mnanisoma kwa ajili ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mifugo. Leo naomba mnivumilie niongelee dari. Kila mahindi yakishauzwa, simu zangu hubadilika. Badala ya viwavi, naulizwa bati, saruji na bodi za jipsamu, kwa imani kwamba anayepima shamba anaweza kupima na chumba. Mwaka jana na mimi niliamini hivyo, na jirani yangu mmoja akagharamika kwa imani hiyo.

Ni mama mkulima mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, na juu ni bati tupu. Mchana sebule yake ni tanuri, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Baada ya mavuno aliuza magunia kadhaa, akaniita. "Mwanangu, wewe umesomea vipimo. Niambie ninunue bodi ngapi nisije nikaibiwa."

Nilivuta futikamba: mita 4.2 kwa mita 4. Nikazidisha kwenye simu, nikapata mita za mraba 16.8. Bodi ya kawaida ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Nikagawanya, ikaja 5.83. "Nunua sita, mama. Hata kipande kitabaki."

Bodi sita zikaja kwa kirikuu kutoka Mugumu. Siku ya pili jioni fundi akaniita. Bodi zimeisha, na kona ya mlangoni dari ina tundu la sentimita 40 kwa 60. Chini vilibaki vipande vitatu, kila kimoja upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 1.2. Nilivipima. Eneo lake lilikuwa mara tatu ya eneo la tundu, lakini hakuna hata kimoja kilichoweza kuliziba. Ukiviunga, kila kiungo kinataka mbao nyuma yake, na hapo mbao haikuwepo.

Kosa langu lilikuwa hilo. Mahindi ukiyamimina yanajaza pembe zote za gunia. Bodi haimiminiki. Hesabu ya eneo inakuambia ukubwa wa kazi tu, haikuambii vipande vitakaaje.

Kwa bodi moja ilibidi tukodi gari upya, na gari likazidi bei ya bodi. Bodaboda haibebi kitu kile kwenye barabara zetu bila kukivunja. Fundi hakungoja. Alifungasha vifaa, akaenda kwa mtu mwingine na kurudi baada ya wiki mbili. Nilitaka kulipa gharama zote, mama akakubali nusu. Nusu yake ilitoka kwenye gunia aliloliweka kwa ajili ya chakula, akaliuza wakati bei bado iko chini. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana shamba, mbolea unatufundisha kupima kwa kizibo cha soda. Hizi bodi ulipima kwa jicho?"

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu, na ninawaomba muufuate.

Kwanza, tazama bati kabla ya dari. Jipsamu ni madini laini, kama yale yanayochimbwa Makanya kule Same. Husagwa, huchomwa, huchanganywa na maji na kugandishwa kati ya karatasi mbili. Ikilowa hulegea na kuanguka. Ziba matundu yote ya paa kwanza.

Pili, pima kuta zote nne, kwa mita. Vyumba vyetu vingi si mraba kamili, hivyo chukua kipimo kirefu zaidi kila upande. Fundi akikuambia "futi 12", kumbuka hiyo ni mita 3.66, wakati bodi tatu za mita 1.2 zinafika 3.6 tu. Kuna bodi za mita 1.22 pia, kwa hiyo pima bodi yenyewe dukani kabla ya kulipa.

Tatu, zidisha urefu kwa upana, gawanya kwa 2.88, ongeza sehemu ya kumi, kisha panda hadi namba nzima inayofuata. Kwa chumba cha mama, 5.83 inakuwa 6.4, kwa hiyo bodi 7. Sehemu ile ya kumi ndiyo niliyoiacha.

Nne, hakikisha kwa kuchora. Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile lenye vyumba vya mraba. Kila chumba kiwe sentimita 20. Sebule ile inakuwa vyumba 21 kwa 20, na bodi moja vyumba 12 kwa 6. Kata karatasi za kipimo hicho, zipange juu ya mchoro, na kata vipande kama fundi atakavyokata. Ningefanya hivyo, dakika kumi zingenionyesha lile tundu. Nimejaribu kuanzia upande wa pili pia, na bado bodi sita hazitoshi.

Tano, mbao. Zikipangwa kila sentimita 60, au 40 ukitaka uimara zaidi, kingo za bodi zitaangukia juu ya mbao, maana 1.2 na 2.4 zinagawanyika kwa vyote viwili.

Sita, kwa wenye maduka mnaotaka kutenga stoo: ukuta wa jipsamu una pande mbili. Ukuta wa urefu wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.4 unakula bodi 3 upande mmoja, kwa hiyo jumla 6. Usipunguze bodi kwa sababu ya mlango mmoja, kwa kuwa vipande vinavyokatwa pale mara nyingi havifai mahali pengine.

Mwisho, kubaliana na muuzaji mapema kama atapokea bodi nzima itakayobaki. Kila bodi ibebwe na watu wawili, ikiwa imesimama kwa ubavu. Nyumbani zilale juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.

Mama sasa ana dari nzuri, na mvua ikinyesha tunasikilizana. Lakini ile kona ya mlangoni naitambua kila ninapoingia. Kwa hiyo ukitaka kununua, usinipigie simu kuniuliza "chumba cha kawaida bodi ngapi". Njoo ofisini na vipimo vya kuta nne na daftari la mtoto. Mkasi ninao.