Nanga ya Picha: Kuipanga Hati ya Ajami katika Tasnifu

Mtafiti wa tendi arejeapo kutoka Lamu au Siyu akiwa na picha za hati ya kale katika tarakilishi yake, aghalabu hudhani kwamba safari imekwisha. Kilichosalia, kwa maoni yake, ni kuzitia picha hizo katika tasnifu, kazi ya alasiri moja. Dhana hiyo haidumu. Picha ya kwanza huingia ukurasani na kuisukuma aya nzima hadi ukurasa unaofuata. Ya pili huonekana ukanda mwembamba tu, mithili ya mtu anayechungulia kwenye upenyo wa mlango. Ya tatu hupanda juu ya maandishi na kuyafunika. Hapo ndipo alipojikuta mwanafunzi mmoja wa uzamili ambaye tasnifu yake ilihusu utenzi uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu, na ambayo ilihitaji vielelezo vipatavyo arubaini.

Yafaa kueleza kwanza mambo yanavyokwenda. Programu ya kuchakata matini kama vile Microsoft Word huichukulia picha kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, picha ni herufi. Ni herufi kubwa, naam, lakini ni herufi: hukaa mstarini baina ya maneno na husogea yanaposogea. Ule ukanda mwembamba ulitokana na jambo hili. Mwanafunzi alikuwa ameweka nafasi baina ya mistari kwa kipimo kisichobadilika, pointi 24, na programu ikaitii amri: ikaipa picha kimo kile kile ilichozipa herufi nyingine zote. Alipoirejesha aya hiyo moja kwenye nafasi ya kawaida, ukurasa mzima wa hati ulijitokeza.

Katika namna ya pili, picha huelea. Maneno huizunguka, hukaa juu na chini yake, au hupita mbele yake. Hata hivyo, haielei ovyo. Kila picha ya aina hii imefungwa kwenye aya fulani, na programu huweza kukionyesha kifungo hicho kwa alama ndogo ya nanga pambizoni. Istilahi za tarakilishi zimewatoa wengi jasho, na juhudi kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004 zilistahili wafuasi wengi kuliko zilivyopata. Ila nanga haikuhitaji kamati. Chombo kilichotia nanga huyumba kwa upepo na maji, lakini hakiendi mbali na pale nanga ilipozama. Picha inayoelea nayo huweza kusogezwa huku na huku ukurasani, ilhali aya yake ikihamia ukurasa wa pili, nayo huhamia. Aya hiyo ikifutwa yote, picha huenda nayo kimyakimya. Mwanafunzi huyu alipoteza vielelezo viwili kwa kufuta aya ambazo msimamizi wake aliziona za ziada, na hakutambua hadi alipozihesabu picha zake.

Baada ya hapo aliacha kuzieleza. Kila picha ya hati aliiweka katika aya yake peke yake, kama herufi, na maelezo ya kielelezo katika aya iliyofuata, kisha akaifunga aya ya kwanza na ya pili zisitengane kurasa zinapogawanyika. Wako wanaoona mpangilio huo kuwa mkavu, usiopendeza macho kama picha iliyozungukwa na maneno. Kwa gazeti huenda wana haki. Kwa tendi hawana. Katika hati nyingi, ubeti wa utenzi, wenye vipande vinne vya mizani nane nane, huandikwa katika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Unapohawilishwa katika hati za Kirumi, vipande hivyo mara nyingi hupangwa kimoja chini ya kingine. Msomaji anayelinganisha hulazimika kuutoa mstari mmoja huku na kuutafuta katika mistari minne kule. Picha ikielea hadi ukurasa wa mbali, hawezi tena kulinganisha. Atabaki kumwamini mtafiti tu, na tasnifu haiandikwi ili mtu aaminiwe.

Ukubwa nao una mambo yake. Picha ikivutwa kwa kishikio cha ubavuni hunenepa au hukonda. Ya pembeni ndiyo huihifadhi sura. Hilo wengi walijua. Lisilojulikana sana ni kwamba programu huweza kuibana picha faili inapohifadhiwa. Katika Word ya 2010, kwa mfano, kiwango kilichowekwa tangu mwanzo kilikuwa pikseli 220 kwa inchi, mpaka mtumiaji akibadilishe. Picha yenye upana wa pikseli 2400, ikipangwa kwa upana wa inchi 6, huwa na pikseli 400 kwa kila inchi. Ikibanwa hubakia na upana wa pikseli 1320. Kwenye skrini tofauti hiyo ni vigumu kuiona. Kwenye ajami, tofauti ni nukta. Herufi ba ina nukta moja chini, ta ina mbili juu, na umbo la chini ni lile lile. Nukta zikififia, baba na tata hazitofautiani, na mjadala wa kurasa tatu kuhusu usomaji wa neno moja hukosa ushahidi wake.

Lakini lililomkosesha usingizi mwanafunzi huyu lilikuwa jingine. Hati aliyoipiga picha ilikuwa mali ya familia moja, ikitunzwa na bibi mmoja mzee ndani ya kasha. Katika pambizo za kurasa kadhaa, vizazi vilivyopita viliandika mambo yao: nani alizaliwa lini, nani alifariki, nani alikuwa na deni la nani. Bibi aliruhusu kurasa zote zipigwe picha, kwa sharti moja.

"Beti wasome watakao. Haya ya nyumbani, mwanangu, yabaki nyumbani."

"Yatabaki, bibi."

Alipoziweka picha katika tasnifu, mwanafunzi alizikata kingo kwa kutumia ala iliyomo ndani ya programu yenyewe. Pambizo zikatoweka. Akamtumia mwenzake wa darasani faili hiyo kwa baruapepe amsahihishie tahajia. Jioni mwenzake alipiga simu kuuliza kuhusu deni. Alikuwa ameibonyeza picha, akagusa ala ile ile, na ukingo uliodhaniwa kukatwa ukafunguka kama pazia, majina yote yakiwemo. Programu haikuwa imekata kitu. Ilikuwa imeficha tu, ili mwandishi akibadili nia asipate hasara. Ni hisani njema kwa anayepanga picha za harusi.

Dawa zipo mbili. Mtu aweza kuiamuru programu ibane picha na kuzitupa sehemu zilizokatwa, lakini kubana huko kwaweza kuzigusa na nukta. Mwanafunzi alichagua ya pili: alifanya nakala za picha zote, akazikata nje, katika programu ya picha, akazihifadhi upya, kisha akaziondoa zile arubaini moja baada ya nyingine na kuziingiza hizi mpya. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mwenzake aliombwa aifute faili, akaifuta. Msimamizi, kwa bahati, alikuwa amepewa nakala ya karatasi tu. Mwongozo wa tasnifu aliokuwa nao mezani ulitaja upana wa pambizo zote nne za karatasi na rangi ya jalada; kuhusu pambizo za hati ya mwenyewe, haukuwa na neno.

Kuchapisha hakukumsumbua. Alikwisha kuona wenzake wakipeleka faili ya Word katika maduka ya uchapishaji, ikafunguliwa kwa toleo jingine lisilo na fonti zao, kurasa zikahama, akapeleka PDF.

Lilibaki suala la kurasa mbili zinazotazamana. Alizipanga katika jedwali lisilo na mistari, seli mbili ubavu kwa ubavu, na programu ikamwekea ya kwanza kushoto. Akazibadilisha. Siku ya utetezi mtahini mmoja alitaka kujua kwa nini Kielelezo 7(a) kilikuwa kulia kwa 7(b), akadhani ni kosa la chapa. Mwanafunzi aliweka kidole kwenye ukingo wa kulia wa ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.