Gome Lipo Njombe, Buti Ziko Chicago

Kando ya mto Chicago, kwenye barabara ya Elston, kuna kiwanda cha ngozi ambacho pua hukitambua kabla ya macho. Kinaitwa Horween, na kilianzishwa mwaka 1905. Zamani jiji hili lilijaa viwanda vya ngozi kwa sababu ya machinjio yake makubwa. Leo kimebaki hicho kimoja. Wapenzi wa buti za gharama, na hapa Marekani wapo wengi kuliko unavyodhani, wanalijua jina lake kama sisi tunavyojua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga.

Bidhaa yake inayosifiwa zaidi haitokani na ng'ombe bali na farasi, tena si ngozi yote ya farasi. Ndani ya ngozi ya matako ya farasi kuna tabaka la nyuzi zilizoshonana sana, na kila mnyama hutoa vipande viwili tu vya tabaka hilo. Vipande hulowekwa ndani ya mashimo yenye maji ya magome na miti, kwanza maji mepesi, kisha makali zaidi na zaidi, ili tanini ipenye taratibu hadi katikati. Halafu hupakwa mafuta, huachwa vipumzike, hukwanguliwa na kung'arishwa. Tangu kuingia hadi kutoka ni miezi sita au zaidi. Mwanzoni kazi ya ngozi hiyo ilikuwa kunolea nyembe za vinyozi. Wembe wa kisasa ulipoua biashara hiyo, viatu viliiokoa.

Ile ngozi nyingine ya farasi, yenye uso wake wa asili, husindikwa kwa magome huko Himeji, Japani, na katika miji ya Toscana nchini Italia. Ni nyembamba kuliko ya ng'ombe lakini imeshikana, na rangi yake ya kahawia huzidi kuiva kwa jua, mafuta na jasho. Wajapani wana mtindo wao: ngozi ya kahawia hupakwa weusi juu, ili baada ya miaka ya kuvaliwa weusi ukwanguke kwenye vidole na kisigino, kahawia ijitokeze. Mnunuzi huisubiri siku hiyo kwa hamu. Kwetu kiatu kinachobanduka rangi kinarudishwa dukani kwa kelele, na mwenye duka anajua atashindwa. Sisi tulilelewa kwamba kiatu kinatakiwa kung'aa Jumatatu kama kilivyong'aa siku kilipotoka kwenye boksi, na kopo la kiwi lilikuwa na heshima yake nyumbani.

Bei? Buti za tabaka lile la farasi zinapita dola 700. Binamu yangu nilipomwambia alinyamaza kidogo, akauliza, "Yaani umevaa ng'ombe wawili?" Sijavaa, nikamjibu, nimeziangalia tu kwenye kioo cha duka.

Watu wa hapa hupenda kueleza bei hiyo kwa ubora wa farasi. Mimi sikubali sana. Farasi walitumika kwa sababu walikuwepo. Karne moja iliyopita mashamba na miji ya Marekani ilienda kwa farasi, na ngozi zao zikawa jaketi, glavu na viatu vya watu wa kawaida. Trekta na lori vilipochukua kazi, ngozi ikaadimika, na uadimu ukaleta sifa. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini humu yalifungwa mwaka 2007. Moja lilikuwa DeKalb, kilomita kama 100 tu magharibi ya Chicago. Sasa ngozi huagizwa zaidi kutoka Kanada na Ufaransa, ambako nyama ya farasi bado inaliwa. Kwa hiyo unachokilipia ni uhaba, na juu yake muda: mwenye kiwanda amelaza fedha zake ndani ya shimo kwa nusu mwaka kabla ya kuona hata senti.

Kwetu Tanzania farasi ni nadra. Mbung'o na magonjwa ya farasi viliwakataa mapema, kazi ikabaki kwa punda. Ngozi ya punda nayo imetafutwa sana miaka hii, ila si kwa viatu: huchemshwa kuwa gundi ya dawa ya asili ya Kichina, na punda wakaanza kuibwa na kuisha vijijini, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika walipopiga marufuku biashara hiyo mjini Addis Ababa Februari 2024. Afadhali. Basi wivu wangu kwa Wamarekani haumhusu farasi hata kidogo. Unahusu lile shimo la magome.

Maana magome tunayo. Mtu wa Njombe anaijua miwati tangu utotoni: mti uliotoka Australia, kuni nzuri, mkaa mzuri. Mwaka 1949 shirika la Waingereza la maendeleo ya makoloni lilianzisha pale kampuni ya miwati, ambayo hadi leo wenyeji huiita Tanwat. Mti hukatwa ukiwa na umri wa miaka kama minane hadi kumi, gome hubanduliwa na kupelekwa kiwandani haraka kabla halijaharibika, linakatwakatwa, linapikwa, na maji yake hukaushwa kuwa tanini. Sehemu kubwa ya tanini hiyo huuzwa nje. Dawa inayoifanya ngozi kuwa kahawia, ngumu na ya kudumu inashuka barabara ya Makambako kwenye lori, inapita katikati ya nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, inapanda meli.

Na ngozi za ng'ombe hao? Nyingi zimeharibika kabla hazijafika kiwandani. Mfugaji ameweka chapa ya moto ubavuni, mahali penye ngozi bora kabisa. Miiba na kupe wamefanya yao. Mchunaji analipwa kwa nyama, kisu kinapita anapotaka kupita. Halafu ngozi inaanikwa chini juani hadi inakuwa kama bati. Zilizo nzuri husindikwa kwa kromu, ambayo humaliza kazi kwa muda mfupi mno, zikatoka katika hali ya samawati wanayoiita wetibluu, zikaenda kumaliziwa kwa wengine. Serikali za Afrika Mashariki zimeweka ushuru mkubwa kwa ngozi mbichi zinazopelekwa nje, ili ngozi zisindikwe nyumbani. Ushuru unaweza kuizuia ngozi bandarini, lakini hauwezi kumfundisha mchunaji pale machinjioni.

Tulijaribu mambo makubwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichogharimiwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, kilipangwa kuuza viatu hadi Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilikuwa kimekufa. Leo kuna kiwanda kikubwa cha Karanga, Moshi, chenye ubia na Magereza, na chuo cha DIT, tawi la Mwanza, kinafundisha teknolojia ya ngozi. Ninawaombea heri, ila natamani mtu mmoja mle ndani ajaribu pia kitu kidogo: mashimo machache ya saruji, tanini ya Njombe, ngozi nene za ng'ombe zisizo na chapa. Kikwazo ni mkopo. Benki gani itakusubiri miezi sita bila rejesho la kwanza?

Kwa upande mmoja sisi tunawazidi. Hapa Marekani buti za gharama hushonwa kwa ukanda unaozunguka kiatu, ili soli ifunguliwe na kubadilishwa mara nyingi, lakini kubadilisha huko ni dola 100 na zaidi, na huenda ukazituma kwa posta hadi jimbo lingine na kungoja wiki. Wengi huishia kununua jozi mpya. Sokoni Makambako fundi viatu yuko chini ya mwavuli wake, na buti za mitumba za aina hiyohiyo humfikia kila mara, soli imeisha, ngozi ya juu bado nzima. Nilipokuwa likizo nilimtazama akikata uzi wa zamani bila kuugusa ule ukanda, akashona soli mpya kwa mkono, kazi safi kabisa. Soli ilikuwa ya tairi. Nikamuuliza kwa nini asiweke ya ngozi.

"Ngozi nene ya soli haipatikani, kaka," akasema. "Iliyopo ni hii laini ya kromu, inafaa mikoba. Ukinipatia ile ya magome naichukua kwa kilo, hata leo."

Kutoka alipokaa hadi Njombe ni saa moja hivi kwa basi.