Barua Ambazo Mume Alitaka Zichomwe

Mama mwenzangu, huko Uingereza wapo watu ambao starehe yao kubwa ni kukusanya barua zilizoandikwa kwa mkono na watunzi wa vitabu wa zamani. Huzigombania mnadani. Sahihi peke yake ina bei yake, lakini barua ambayo mtunzi anaeleza habari za kitabu chake au za moyo wake huuzwa ghali kuliko ile ya kuomba radhi kwa kutofika kwenye chakula cha jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wanne. Siwezi kununua hata bahasha. Ninazisoma zikiwa zimechapwa vitabuni, hasa za Charlotte Brontë, aliyetunga Jane Eyre mwaka 1847. Na kila nikizisoma hujikuta ninabishana na mume wake.

Charlotte alikuwa na rafiki aliyeitwa Ellen Nussey. Walijuana shuleni mwaka 1831 wakiwa wasichana, wakaandikiana mpaka Charlotte alipofariki mwaka 1855. Mwaka 1854 Charlotte aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake. Miezi michache baadaye bwana huyo alimwona mkewe akiandika, akasoma, akashtuka: wanawake hawa wanaandikiana mambo bila kujizuia! Akamtaka Ellen aahidi kuzichoma barua zote. Ellen aliandika ahadi yenye sharti, kwamba na yeye mume asijifanye mkaguzi wa barua za mkewe. Kisha hakuchoma. Kwa sababu hiyo Elizabeth Gaskell aliweza kuandika maisha ya Charlotte, kitabu kilichotoka mwaka 1857, na sisi tunamjua.

Bwana wangu anasema Nicholls alikuwa na haki. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Namwambia barua ikishatumwa ni mali ya aliyepelekewa. Hapo chai hupoa.

Lakini niseme ukweli, yaliyofuata yananipa shida. Ellen alipozeeka, barua zile zilinunuliwa kwa ajili ya Thomas J. Wise, mkusanyaji mwenye jina kubwa. Mama wa watu aliamini kwamba mwishowe zingewekwa makumbusho ya taifa. Wise akazitawanya kwa kuziuza huku na huku. Mwaka 1934 wachunguzi wawili walionyesha kwamba vitabu vidogo kadhaa alivyowauzia wakusanyaji wenzake kama vya toleo la kwanza vilikuwa vya kughushi. Yaani aliyeaminiwa kutunza ndiye aliyetapanya.

Hata mzee Patrick Brontë, baba mzazi, aliyefiwa na watoto wake wote sita, alikuwa akizikata barua za Charlotte vipande vipande. Watu walimwandikia wakiomba mwandiko wa marehemu, naye aliwapelekea mistari michache. Simlaumu. Ila hebu fikiria, vipande vile leo viko mbalimbali, sentensi haina mwanzo wala mwisho.

Zipo pia barua nne ambazo Charlotte alimpelekea mwalimu wake wa Brussels, Constantin Heger, mtu mwenye mke. Ni barua za msichana aliyependa mahali pasipopendeka. Heger alizichana tatu kati ya hizo akazitupa. Aliyeziokota na kuziunga, nyingine kwa sindano na uzi, ni mke wake! Wengi husema alitaka ushahidi. Mimi nadhani mke mwenye hasira tu angetia moto. Huyu alikaa akashona. Mwaka 1913 watoto wa Heger walizitoa kwa makumbusho ya British Museum, na sasa zinatunzwa British Library, London. Hakuna mwenye fedha atakayeziuza tena.

Mkusanyo mwingine, wenye maandishi ya akina Brontë na barua za Jane Austen, ulikaribia kupigwa mnada mwaka 2021. Vyama na wafadhili wakachanga pauni zaidi ya milioni 15, ukanunuliwa kwa ajili ya maktaba na makumbusho za huko. Nilifurahi kama ndugu wa marehemu.

Mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye bweni moja aliniuliza afanye nini na barua zangu, kasha zima, maana anahama nyumba. Nilimjibu, dada, zitunze zote. Ila ile ya Agosti 1994 nirudishie mwenyewe, mkononi.