Kabla ya Kung'oa Madirisha ya Bibi

Siku yangu ya kwanza kazini Salem, Massachusetts, msimamizi alinikabidhi bisibisi nyembamba, penseli na fomu 38. Nyumba tuliyoingia ilikuwa imekaa tupu miaka mingi, na madirisha yake yalikuwa 38. Kila dirisha lilipewa namba na fomu yake. Hakuna kung'oa kitu, alisema, mpaka yote yakaguliwe.

Nikafundishwa kuchoma. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye kizingiti cha chini, pale maji ya mvua yanapotuama, kisha unasukuma. Mbao nzima inagoma. Iliyooza inameza chuma kama mkate uliolowa. Kisha unapanda juu: pembe za fremu, puti inayoshika kioo, bawaba, rangi. Rangi ya zamani haikwanguliwi kavu, kwa sababu huenda ina madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978.

Mwisho unaandika daraja. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 1981 unayagawa matengenezo ya madirisha ya mbao katika madaraja matatu: matunzo ya kawaida, kuimarisha mbao iliyoanza kulegea, na kuunga au kubadilisha kipande kilichokufa. Tulipojumlisha, mengi yaliangukia daraja la kwanza. Mimi, kwa kutazama tu, ningeyatupa yote.

Salem si mji mgeni kwetu. Katika karne ya 19 meli zake zilikuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa pwani yetu uliogeuzwa vanishi ya mbao. Zikatuletea kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Nilipokuwa nafuta vumbi kwenye fremu zile, wazo moja halikunitoka: utomvu wetu ulisafiri kwenda kulinda mbao za watu, na za kwetu tunaziacha zioze.

Nyumba ya bibi yangu iko Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Alipofariki ilifungwa, ami akabaki na funguo, na sisi wajukuu tumetawanyika Muscat, Toronto na huku niliko. Nilipokwenda likizo, mlango ulipofunguliwa nilipokewa na harufu ya unyevu. Ami alikuwa ameshaamua. "Madirisha yamekwisha haya, mwanangu. Tutie aluminiamu."

Nikamwomba anipe siku mbili. Tukamwita seremala mzee wa mtaani. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha bisibisi yangu. Akaitazama, akairudisha mkononi mwangu. Yeye aligonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sauti ilipofifia alitia alama ya chaki. Nikamfuata nyuma nikichoma, na kila penye chaki bisibisi ilizama. Kati ya madirisha 14, tisa yalidai mafuta, bawaba na komeo tu. Manne yalihitaji kizingiti kipya. Moja lilikuwa limeliwa na mchwa hadi kwenye mwimo. "Huu msaji," alisema mzee, akipitisha kiganja juu ya mbao, "ukiutoa hapa, mwingine kama huu hutaupata dukani."

Huku ugenini nimejifunza thamani ya kuandika. Ujuzi wa mzee yule unakaa kichwani mwake, na siku akiondoka utaondoka naye, ila tukiutia kwenye daftari. Na wenzetu huku nao wameng'oa madirisha mengi mazuri wakatia ya plastiki, kwa hiyo tusidhani ukongwe unajitunza wenyewe kwa kuwa ni Marekani.

Lakini kuna jambo nililolikuta Salem ambalo bibi alilijua bila kitabu. Nyumba ile tupu tuliiziba madirisha kwa plaiwudi, na katika baadhi tukaacha matundu yenye vibao vya mshazari, hewa ipite lakini mvua isiingie. Nyumba iliyofungwa kabisa hutoa jasho, na jasho huozesha. Madirisha ya bibi yalichongwa hivyo tangu mwanzo: mbawa mbili zenye vibao vilivyolazwa, jua linabaki nje na upepo unaingia. Kuta za mawe na chokaa hunywa unyevu kisha huutoa. Ukiweka kioo kisichopumua na kukizungushia saruji, unyevu unabaki ukutani, unaifikia ncha ya boriti, na dari inaanza kulegea.

Bibi alifungua madirisha kila baada ya sala ya alfajiri na kuyafunga mvua ikianza kunukia. Tulidhani ni mazoea ya kizee. Kumbe ndiyo yaliyoiweka nyumba hai.

Jengo likiporomoka, kama sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib hapo Mji Mkongwe tarehe 25 Desemba 2020, dunia nzima husikia. Dirisha hufa kimya, na mara nyingi ni sisi wa nje tunaotuma pesa za kulizika. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na madirisha haya ni sehemu ya urithi huo. Kwa hiyo kabla ya kutuma, omba kwanza daftari: dirisha moja moja, namba, picha, hali yake. Kisha uiulize mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kung'oa lolote.

Ami amekubali. Vizingiti vinne vinachongwa, na binti wa jirani tunamlipa kila mwezi kwa kazi moja: afungue madirisha ya bibi asubuhi, na ayafunge mvua ikinukia.