Mafuta ya Karafuu na Nyigu wa Muhogo

Kwetu Pemba, karafuu zikishachambuliwa, makonyo hayatupwi. Hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Nilikua na harufu ile nguoni, nisijue kwamba itanifuata hadi bara, ndani ya maabara, na kwamba kwa zaidi ya miaka 20 nitahitaji tone la mafuta hayo kila ninapotaka kumsoma mdudu asiyezidi milimita 2.

Niliajiriwa ufundi wa maabara mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati vidung'ata wa muhogo wamekwisha kuingia nchini. Aliyewaona hawasahau. Ncha ya mmea hujikunja ikawa kama ngumi, majani yamejaa unga mweupe, pingili zimefupika. Kisamvu hakuna, mbegu ya msimu ujao hakuna, na mizizi inaweza kupungua kwa asilimia 80. Kwa nyumba inayokula udaga asubuhi na jioni, hiyo ni njaa.

Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mapema miaka ya 1970, na mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero akampa jina: Phenacoccus manihoti. Watafiti walikwenda kumtafuta adui yake kaskazini mwa bara lile, wakakuta vidung'ata wanaofanana naye sana na nyigu wao. Nyigu wale walipopewa kidung'ata wetu hawakuzaliana. Kumbe walikuwa wamechukuliwa kwenye spishi nyingine, ya manjano na yenye madume, ambayo baadaye iliitwa Phenacoccus herreni. Wetu ni wa waridi, na wote ni majike. Miaka ilipotea kwa tofauti hiyo ndogo, na muhogo ukaendelea kufa. Mwaka 1981 Tony Bellotti alimwona mdudu mwenyewe huko Paraguay, na nyigu wake akapatikana. Mwaka huohuo nyigu huyo aliachiwa mashambani Ibadan, Nigeria, chini ya mradi wa Hans Herren.

Jambo linalonigusa mpaka leo ni kwamba nyigu huyo alikuwa na jina tayari. Luis De Santis wa Argentina alimwelezea mwaka 1964, akamwita Apoanagyrus lopezi, wakati hakuna mkulima wa Afrika aliyemhitaji. Mimi nilipopelekwa mafunzoni Cotonou, Benin, lebo zilisema Epidinocarsis lopezi. Leo vitabu vinasema Anagyrus lopezi. Nimebadilisha jina hilo kwenye masanduku kwa mkono wangu na sikuona usumbufu, kwa sababu jina la jenasi ni kauli juu ya ukoo, na ukoo huchunguzwa upya.

Cotonou ndiko nilikofundishwa kumtayarisha. Unakata mbawa kwanza, kisha kichwa na papasi. Kiwiliwili unakichemsha taratibu ndani ya potashi mpaka nyama iyeyuke ibaki gamba, unakipitisha kwenye asidi na alkoholi, halafu mafuta ya karafuu hukifanya kiangaze kama kioo. Mwisho unakilaza kwenye utomvu wa balsamu juu ya slaidi. Mara ya kwanza nilipofungua kile kichupa machozi yalinilenga. Marehemu baba alikuwa na miezi sita kaburini.

Chini ya hadubini ndipo mdudu anapojieleza. Ubavu wa kifua umetuna, bamba moja pana lililobeba misuli ya kurukia. Mguu wa kati una mwiba mrefu kwenye goti la chini, anaojisukumia. Bawa la mbele lina mishipa michache tu, na kati ya vinyweleo kuna mstari mtupu unaokatiza mshazari, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Papasi za jike zina pingili nyeusi na nyeupe, na pingili ya shina imepanuka ikawa bapa. Kwa papasi hizo anamgonga kidung'ata na kumpima, kisha anamtumbukizia yai moja. Pengine anamdunga tu, akanywa majimaji yake.

Kosa langu kubwa lilianzia hapohapo kwenye papasi. Shamba moja lilinipa nyigu wenye papasi nyembamba zenye nywele ndefu, nami nikawaandikia lebo ya spishi ngeni. Mzee aliyenisimamia aliziweka slaidi mbili sambamba.

"Tazama bawa, mwanangu. Tazama na ubavu."

"Vinafanana, Mzee."

"Basi huyu ni mume, na yule ni mkewe."

Yai lisilorutubishwa hutoa dume, na jike huliweka hilo kwa kidung'ata mdogo; mkubwa humwekea yai la kike. Shamba lile lilikuwa na vidung'ata wadogo watupu. Nilizichana lebo zote, na tangu siku hiyo sijaandika jina kabla ya kuona jinsia zote mbili.

Uangalifu huo uliokoa kazi yetu. Kidung'ata aliyeliwa kwa ndani huwa ganda gumu la kahawia, nasi hukusanya maganda hayo ili kuzalisha nyigu. Lakini ganda hilohilo linaweza kumtoa Chartocerus, mweusi mwenye rungu moja refu kwenye ncha ya papasi, au Prochiloneurus, mwenye mbawa zenye kivuli cha moshi. Hawa hula rafiki yetu akiwa bado ndani. Ukiwaingiza kizimbani bila kuwatambua, baada ya vizazi vichache huna nyigu wa kumpa mkulima. Nimekaa usiku mwingi nikiwatenga mmoja mmoja kwa brashi, na kati ya kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayojivunia.

Nimestaafu, lakini bado watu huniletea ncha za muhogo nyumbani. Nawe ukikuta vidung'ata shambani, kabla hujapuliza dawa funua jani lililojikunja. Ukiona kati yao maganda ya kahawia, magumu, yenye tundu dogo la duara, nyigu yuko kazini. Lirudishe bomba ndani.